Mwenye Ploti Aliyeziba Upepo

Kila mwaka mvua ndefu zilipokwisha na nyasi za nyuma ya mji zikaanza kukauka, mwenye ploti wetu alikwenda dukani kununua misumari. Sisi wapangaji tukimwona anarudi na kile kifurushi cha gazeti mfukoni mwa koti tulitazamana, maana tulijua kabla ya wiki kwisha tutakuwa gizani.

Ploti yake ilikuwa ukingoni mwa Isiolo, upande ambao nyumba zinakwisha na miiba inaanza. Vyumba vilipangwa pande tatu za uwanja mdogo, na upande wa nne kulikuwa na geti la mabati. Kila chumba kilikuwa na mlango mmoja unaotazama uwanjani na dirisha moja dogo kwa nyuma. Madirisha hayo ndiyo yaliyokuwa adui zake. Upepo wa Julai huteremka kutoka upande wa mlima ukiwa baridi na mkavu, ukaokota vumbi njia nzima, na ukifika kwetu ulikuwa ukiyapiga madirisha ya nyuma moja kwa moja. Basi mzee alipita chumba baada ya chumba na nyundo, vipande vya bati na salamu nyingi, akayapigilia yote. Yalibaki hivyo mpaka mawingu ya Oktoba yaonekane.

Mimi nilikuwa mpangaji wake kwa miaka mingi. Ni fundi wa nguo, Mmeru. Niliteremka Isiolo na mume, mume akaenda zake, nikabaki na cherehani na binti yangu Kendi ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Wenye ploti wengine waliniuliza mwanamume wangu yuko wapi kabla hata ya kunionyesha chumba. Huyu hakuuliza. Alinifungulia mlango, akasema mtoto asikae nje kwenye upepo, akaenda kuswali. Nilidhani ni maneno ya ukarimu tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alimaanisha upepo wenyewe.

Tulimwita Baba Ploti, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa Mborana mrefu na mwembamba, ndevu zake amezitia hina, kikoi chini na koti zito juu hata jua likiwa la kuchoma mayai. Alikuwa mkarimu na mkaidi kupita kiasi, na vyote viwili vilitoka mahali pamoja, kwa hiyo ukimgomea alichoamua ulionekana unaukataa wema wake. Nilimpenda mzee yule. Kuna siku pia nilimchukia, na mara nyingi yote mawili yalitokea kabla ya chai ya saa nne.

Kwake yeye homa haikutoka kwa mtu. Ilitoka mlimani, ikapanda upepo, ikateremka nao hadi ikapata tundu. Mtu akipiga chafya katika ploti ile, mzee hakuuliza alikuwa na nani jana. Aliuliza upepo umepitia wapi. Angekuja chumbani, akafumba macho, akapitisha kiganja ukutani polepole kama mtu anayepapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba, mpaka apate mahali panapopuliza. Na alikuwa hakosi kupapata, kwa sababu sijaona ukuta wa Isiolo usio na ufa. Alipaziba kwa udongo aliouchanganya na jivu, akajipangusa mikono, akamwambia mgonjwa kuwa sasa atapona. Na mgonjwa alipona kweli, maana homa nyingi za mafua huondoka zenyewe zikishamaliza hamu yake. Kila aliyepona alikuwa shahidi mwingine upande wa mzee. Ungebishana naye vipi?

Wakati ule wa barakoa, dunia nzima ilipofunikwa mdomo, yeye alizipokea kwa furaha kuliko mtu yeyote niliyemwona. Alisema serikali hatimaye imeelewa. Alivaa barakoa akitoka getini, akatembea nayo kwenye uwanja mtupu wenye upepo ambako hakuna binadamu wa karibu, kisha akirudi akaingia ndani kwa watu kumi waliobanana kwenye mikeka, akaivua, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. Mpangaji mmoja, dereva wa bodaboda, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alimtazama kwa huruma tu.

Redio yake ndogo haikuzimwa. Alisikiliza habari za mvua, bei za mifugo na mahubiri, na kila alipotajiwa baridi ya nyanda za juu alitikisa kichwa kama mtu anayeletewa habari za jamaa mkorofi. Ulimi wake ulikuwa mkali kwa wanaume wavivu na laini kwa watoto. Wanawake aliwaheshimu, mradi wasibandue bati.

Hapo ndipo panapobana. Chumba chenye dirisha lililopigiliwa hakikufungi mwili tu. Unaamka huoni kama kumekucha. Ukiwasha jiko machozi yanatoka, ukilizima baridi inaingia mifupani. Unasikia upepo unavuta bati nje, kr, kr, kr, mchana kutwa, na ndani hewa ni ileile ya jana, ina harufu ya makaa na nguo zisizokauka na usingizi wa watu. Mimi ningefungua mlango ili nione uzi ninaoutunga sindanoni, na kabla sijamaliza fundo ningesikia fimbo yake inagonga sakafu ya uwanja. Mlango, mama Kendi. Ningeufunga. Ningekwenda wapi? Mtu aliyekupokea ukiwa huna kitu hana haja ya kukufungia kwa kufuli.

Alikuwa na chumba kikubwa katikati ya ploti, chake na mkewe, alichokiziba mara mbili: bati nje, zulia kuukuu ndani, matambara chini ya mlango. Tulikiita chumba cha joto. Mtu akishikwa na homa, mzee alituma aletwe humo, yeye na watoto wake, wasije wakapigwa na upepo kwenye vyumba vibovu. Mkewe tulimwita Akko, ndiyo nyanya kwa Kiborana. Yeye alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha chini chini, na alikaa na wagonjwa siku nzima akiwapikia chai ya maziwa ya ngamia na tangawizi. Nao majirani walikuja kuwaona, kwa sababu kwetu Isiolo kumwacha mgonjwa peke yake ni aibu ya nyumba, awe wa msikiti au wa kanisa. Waliingia, wakavua viatu, wakaketi goti kwa goti, wakanywa chai, wakaombea, wakakohoa. Mlango ulifunguliwa kidogo kama pazia na kufungwa haraka. Kwa wiki moja homa ingekwisha kupita kila chumba, na mzee angezunguka kuta zote upya kutafuta tundu.

Nyuma ya ploti ile ile alikuwa na boma la mbuzi, maana biashara yake ilikuwa kununua mbuzi kutoka Garbatulla na kwingineko na kuwauza mjini. Ukitaka kumjua mtu huyu usiangalie nyumba, angalia lile boma. Lilikuwa la miiba mitupu, wazi pande zote, upepo unaingia na kutoka. Mtu alipojaribu kumshauri aweke mabati upande mmoja mbuzi wasipate baridi, alimfukuza. Alisema mbuzi wakifungiwa mahali pasipopita hewa, ugonjwa wa mapafu utawamaliza wote kabla ya Ijumaa. Waliotoka safarini hakuwachanganya na wenyeji; aliwatenga kwanza, kwa sababu hujui walitembea na nani. Na mbuzi aliyekohoa alimfunga peke yake mbali, upande ule upepo unakoelekea, ili pumzi yake isiwarudie wenzake. Niliyaona hayo kwa macho yangu miaka na miaka. Mwanzoni yalinichekesha, baadaye yakanikasirisha.

Akko ndiye aliyeniambia chanzo chake, siku moja nikimpima dera. Hakulia akisimulia. Alisema walipokuwa vijana, kabla ya mji, walikuwa wakichunga upande wa Korbesa, na mwaka mmoja ukame uliwabana wakalazimika kuhama katikati ya majira ya upepo. Mtoto wao wa kwanza, mvulana aliyekuwa hajaanza hata kusema, alikuwa na kikohozi. Kulikuwa na watu wengi wenye kikohozi kambini, alisema, homa ilikuwa imeingia. Akko alitaka wangoje. Mumewe alisema ng'ombe hawawezi kungoja. Akaibomoa nyumba mwenyewe, mikeka na fito, akaipakia juu ya ngamia, na kwa vile Akko alikuwa dhaifu, yeye akambeba mtoto mgongoni na kutembea naye kwenye upepo tangu asubuhi. Jioni walipofika na kuanza kuisimamisha nyumba tena, mtoto alikuwa amekwisha.

"Tangu hiyo siku hapendi kuona kitu wazi," Akko alisema, akainua mikono ili nimpime kifua. "Wewe mvumilie tu. Yeye hazibi dirisha yako, anaziba hiyo safari."

Nilimvumilia. Miaka kadhaa nilivumilia kwa sababu ya maneno hayo.

Tatizo ni kwamba kifua cha Kendi kilikuwa kibovu tangu utotoni. Vumbi likizidi alipiga miluzi akipumua, na homa ikiingia ilikuwa inashukia mapafuni moja kwa moja. Mwaka ninaousema alikuwa na umri wa darasa la nne, mwembamba, mwenye maswali mengi. Barakoa zilikuwa zimekwisha sahaulika. Julai ikaja na upepo mbaya kuliko tuliouzoea, na homa ikaja nayo. Watu walinong'ona kuwa ni ule ugonjwa mkubwa umerudi, lakini waliopimwa waliambiwa ni homa ya mafua, hii hii ya kila mwaka, influenza, na kwamba nayo huua mtu ikimpata dhaifu.

Kendi alianza kukohoa Jumatatu. Nilimpeleka dispensari. Daktari alikuwa mwanamke kijana asiye na haraka, na kwa mara ya kwanza mtu alinikalisha chini akanieleza. Alisema vijidudu vya homa hutoka ndani ya matone madogo mtu anapokohoa, anapoongea, hata anapocheka. Hewa ikiwa baridi na kavu kama yetu ya Julai, matone hayo hukauka, yakawa mepesi, yakaelea badala ya kuanguka, na vijidudu navyo huishi zaidi. Ukavu huohuo hukausha pua na koo, vikashindwa kuzuia kinachoingia. Nje upepo huyatawanya matone hata yakawa haba. Ndani ya chumba kilichozibwa hayana pa kwenda isipokuwa mapafuni mwa aliye karibu. Baridi haitengenezi homa, alisema, ila inawasukuma watu waingie ndani wakapumuliane. Akaniuliza nikiwasha jiko huku dirisha limefungwa, moshi unakwenda wapi.

Nikamwambia, tunakaa nao.

Kuhusu vumbi alimpa Baba Ploti haki yake. Siku ya tufani ya vumbi funga, alisema, kwa kifua kama hiki vumbi ni sumu. Likitulia, fungua. Mfunike mtoto blanketi, mpe vitu vya moto, mtenge na wanaokohoa, na ukiona mbavu zinaingia ndani akipumua, usingoje, mlete. Nilirudi nyumbani nikaingia na koleo ya mzee mwenyewe niliyoiazima kwa mkewe, nikang'oa misumari ya dirisha langu mmoja baada ya mwingine. Mwanga uliingia chumbani. Kendi alikaa kitandani akiuangalia ukutani. Nilifurahi hata nikaimba.

Alasiri bati lilikuwa limerudi. Alilipigilia kwa nje nikiwa nimekwenda kuchota maji, na Kendi alisema babu alikuwa anamwambia pole kupitia dirishani huku akigonga. Nikaling'oa tena. Akalirudisha tena, safari hii na misumari mirefu. Hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Tulisalimiana uwanjani kama kawaida, habari, nzuri Baba, na kila mmoja akaenda kubomoa kazi ya mwenzake. Siku ya tatu alibisha hodi kwa heshima, akaingia chumbani kwangu, akasema chumba hiki kimeshaharibika kwa sababu nimekifungua, sasa mtoto aletwe chumba cha joto. Wagonjwa wengine wako huko tayari. Akko amemtandikia karibu na jiko.

Nilimfuata bomani. Alikuwa anamnywesha maji mbuzi mmoja mweupe aliyekuwa amefungwa peke yake mbali, upande upepo unakoelekea, na mbuzi yule alikuwa anakohoa. Nilifikiri Mungu mwenyewe ndiye aliyemweka pale.

"Baba," nikamwambia, "huyu umemfunga huku kwa nini?"

"Anakohoa."

"Ungemfungia ndani na wenzake, pasipo na hewa, ingekuwaje?"

"Wangekufa wote."

"Basi mwanangu unataka kumfungia na wanaokohoa kwa nini?"

Nikadhani nimeshinda. Akasimama polepole akishikilia fimbo.

"Mbuzi iko na manyoya," akasema. "Mtoto yako hana."

Niliona macho yake na nikajua hatuzungumzii mbuzi wala Kendi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba katika ploti yake hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa upepo, hata mmoja, na hatakubali huyu awe wa kwanza. Nami nikasema huyu ni wangu. Ni neno ambalo halisemwi kirahisi Isiolo, mahali ambapo mtoto amelelewa na uwanja mzima, na lilimuuma. Nilitaka limuume. Hofu yangu ilikuwa imeizidi adabu.

Nilimchukua Kendi mchana ule ule na kumpeleka kibandani kwangu cha kushonea, kando ya barabara, penye ukuta nusu na paa. Nilimlaza juu ya vitambaa vya wateja, nikamfunika blanketi mbili na kofia ya sufu, uso tu ndio uliokuwa wazi. Upepo ulipita juu ya ukuta mfupi. Nilikaa naye nikimwangalia mbavu. Kila alipokohoa nilijiuliza kama mzee ndiye aliye sahihi na mimi ndiye ninayemuua mwanangu kwa ukaidi, kwa sababu daktari alikuwa amenieleza kwa dakika chache tu, na yule mzee nilikuwa nimeishi naye miaka. Hofu ya namna hiyo haielezeki kwa asiyeipitia.

Alasiri akaja. Nilidhani amekuja kumchukua kwa nguvu. Hakunisalimia. Alizunguka kibanda, akapima upepo kwa uso wake, kisha akaenda kusimama upande ule unakotoka, nje ya ukuta, mgongo kwenye upepo na uso kwa mtoto. Akafungua koti lake zito pande mbili kwa mikono na kulishikilia hivyo. Alikuwa akiuziba upepo kwa mwili wake. Vumbi lilimpiga kisogoni, kilemba kikawa chekundu. Watu waliokuwa wanapita walimsalimia, salaam aleikum mzee, akawajibu bila kugeuka. Nilimletea kiti akakataa kwa kichwa. Mikono ikichoka aliishusha kidogo, akaiinua tena. Kendi alimwangalia akacheka, akamwambia babu unafanana na tai, na mzee akatabasamu kidogo kwa mtoto, si kwangu.

Alikuja hivyo kila alasiri. Siku ya nne Kendi alipata njaa, akaomba mukimo wa viazi na mahindi. Nililia nikikoroga sufuria. Mzee aliona, akafunga koti, akasema Alhamdulillahi, akaondoka kwenda zake.

Alifika nyumbani akamkuta Akko anatetemeka. Mkewe alikuwa ameshinda siku zote zile ndani ya chumba cha joto, kati ya wagonjwa wanane au tisa na wageni wao, akiwanywesha chai mmoja mmoja. Homa ilimshika, ikashuka mapafuni. Tulimpeleka hospitali, akawekewa hewa, akaongea na kutuambia tusisahau kuwapa mbuzi maji. Hakurudi. Wanaume walikwenda kumzika siku ile ile na upepo ukivuma, sisi wanawake tukabaki uwanjani na sufuria. Waliporudi, Baba Ploti alinipita, akasimama, akarudi hatua.

"Mlango ilifunguliwa sana," akasema.

Nilihama mwezi ule, ng'ambo ya barabara kubwa. Hakunifukuza. Alinisaidia kubeba cherehani, akaliweka chini taratibu mahali pake papya, akaenda kupapasa kuta za chumba changu kipya kabla sijamkaribisha chai, akatoka bila kusema alichoona. Tuliendelea kusalimiana sokoni. Kila Iddi alimtumia Kendi nyama, na kila Krismasi nilimtumia chapati. Lakini ndani ya ploti ile, nilivyosikia, alizidi kuziba, mpaka wapangaji wenye uwezo wakahama, vyumba vikabaki vitupu na madirisha yao yamepigiliwa vilevile.

Mwaka huu, upepo ukiwa umeanza, mwanawe aitwaye Galgalo alikuja kibandani. Alisema mzee amelala, ana homa, na anamtaka mama Kendi. Kendi sasa ni msichana anayenizidi kimo, alitaka tuende wote. Nilimkataza. Nikaenda peke yangu, saa nane mchana.

Chumba cha joto kilikuwa giza. Nilivua viatu, nikaketi mkekani karibu naye, na Galgalo akafunga mlango nyuma yangu kwa tambara kama alivyofundishwa. Mzee alikuwa amebaki mifupa na ndevu, hina imepauka. Alikohoa kikohozi kirefu ambacho kilinijia moja kwa moja usoni, na mimi ninayejua matone na hewa na moshi nisingeweza kusogea hata kidogo. Ungesogea wewe? Aliniuliza habari za Kendi. Nikamwambia anapumua vizuri. Akamwambia Galgalo atoke.

Alisema redioni, kwa Kiborana, wamemleta daktari, Mborana mtoto wa watu anaowajua, si mtu wa kuja kudanganya. Daktari huyo alisema upepo wa baridi hauleti homa. Alisema homa inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na inapenda zaidi mahali palipofungwa. Mzee alikuwa amesikiliza kipindi chote, na kiliporudiwa kesho yake akasikiliza tena.

"Wewe ulisema hivyo, pale kwa mbuzi."

"Nilisema, Baba."

"Sasa nataka unijibu. Wewe hukuniogopa siku ile, usiniogope leo." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Yule mtoto yangu wa Korbesa. Nilimbeba mimi, kwa mgongo hii, kwa upepo. Upepo ndiyo iliua yeye?"

Nilijua swali la pili liko nyuma ya hilo, kama alivyojua yeye. Nikisema ndiyo, ni upepo, atabaki na mtoto mgongoni mpaka kaburini. Nikisema siyo, nitakuwa nimemweka Akko mgongoni pake badala ya mtoto. Niliangalia mlango ukiwa na tambara lake chini. Nikatamani Galgalo arudi, nikatamani wageni, mtu yeyote aje aombe chai.

"La, Baba," nikasema. "Aliugulia kambini, kwa watu waliokuwa wanakohoa. Hata mngebaki ndani ya nyumba, angeweza kufa. Si upepo. Si wewe uliyemuua kwa kumbeba."

Alifumba macho. Akalia bila sauti, kama watoto wanavyolia wakishachoka. Nilimshika mkono, mimi mwanamke asiye wa dini yake, naye hakuuondoa.

"Basi Akko ni mimi," akasema.

Hakuwa ananiuliza.

"Ni sawa," akasema baadaye, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona miaka yote niliyokaa kwake. "Akko ni mtu mzima. Nikifika nitamweleza, tutaongea, atanigombeza, atanisamehe. Yule mtoto alikuwa hajajua maneno. Miaka yote hii nilikuwa nawaza, nitamwombaje msamaha?"